Macho ya Lema

Mwezi wa Septemba ukishika, kusi huanza kuchoka. Huu ndio upepo ulioingia pamoja na masika, ukakaza Juni na Julai, ukawafungia wenye mitumbwi na mahori ndani ya mwamba wiki baada ya wiki. Sasa nguvu zinauishia. Asubuhi bahari hulala mpaka jua lipande, maji yaliyovurugwa na mawimbi huanza kutakata, na mtu aliyesimama juu ya majabali ya Msambweni, kusini mwa pwani ya Kenya, huona vizuri mahali kijani cha ndani kinapokutana na buluu ya nje. Ni demani, msimu mwanana kabla ya vuli. Mbele yake ni tanga mbili, siku ambazo upepo haujaamua utoke wapi, kisha kaskazi inachukua zamu yake hadi Machi.

Pwani yote inaisikia zamu hii. Diani, mafundi wako juu ya mapaa wakiezeka makuti mapya, mvua zisiwakute na wageni wa Desemba wasivujiwe. Ukunda, samaki huanza kuonekana tena kwa wingi kwenye meza za jioni, na mama karanga, wale kina mama wanaonunua samaki ufuoni na kuwakaanga kwa ajili ya mtaa mzima, hupata cha kutia kwenye mafuta. Bamvua za mwezi huu nazo ni miongoni mwa kubwa za mwaka, kwa kuwa jua linapokaribia kusimama sawa na ikweta, mvuto wake huungana na wa mwezi kwa nguvu zaidi. Maji yakitoka, yanatoka kweli. Saa nne, saa tano za asubuhi, wanawake na watoto wako mbali mno na ufuo, wakitembea juu ya mawe ambayo siku nyingine hayaonekani, wakitafuta pweza na kombe.

Katika pilikapilika hizo, kuna kazi moja isiyopiga kelele. Kwenye bandari ndogo za wavuvi, kuanzia Diani kupitia Gazi hadi Msambweni na Shimoni, utakuta chini ya mti wenye kivuli kizuri mzee ameketi, mguu mmoja umekunjwa, mwingine umenyooshwa juu ya kitu kipana kilichojaa matundu. Anasuka lema. Mpita njia mwenye haraka anaweza kudhani mzee huyo anapitisha wakati tu. Mimi nimejifunza kukaa na kutazama, na kadiri ninavyotazama ndivyo ninavyosadiki kwamba katika pwani hii ya kusini kuna kazi chache za mikono zenye akili nyingi kama hii.

Lema, ambalo ndugu zetu wa Unguja na Tanga huliita dema, ni mtego wa samaki uliosukwa kwa papi za mianzi au fito na kufungwa kwenye mbavu za miti. Kwa kawaida huwa na upana wa mita 1 na nusu hivi na kimo cha kama sentimita 60. Lina mlango mmoja wa kuingilia na kidirisha cha kumtolea samaki. Halina ndoana, halina injini, halina sehemu hata moja inayocheza. Linazamishwa kwa mawe, linaachwa, na samaki anaingia mwenyewe kwa hiari yake. Kila kitakachotokea huko chini, ni samaki gani ataingia, nani atatoka, nani atabaki, kimeshaamuliwa juu ya mchanga siku nyingi kabla, na mikono ya msukaji.

Kazi huanza na kuchana. Muanzi mrefu hupasuliwa kati kwa kati, kila nusu hupasuliwa tena, na tena, hadi zipatikane papi nyembamba zenye unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisu hufanya kazi ndogo tu ya kufungua njia; baada ya hapo ni vidole gumba. Mpasuko wa muanzi una tabia ya kukimbilia upande mmoja, upapi mmoja ukaanza kukonda na mwenzake ukanenepa. Fundi hauoni mpasuko huo kwa macho, kwa sababu uko ndani ya ufito, lakini anausikia mikononi. Mara anapohisi umeanza kupotea, anaupinda zaidi ule upande mnene, na mpasuko unarudi katikati kama ulivyoitwa. Nimewaona vijana wenye nguvu wakiharibu ufito mzima kwa kulazimisha kisu, ilhali mzee wa miaka sabini na kitu akichana mianzi kumi bila kukunja uso. Anauelekeza mti kule unakotaka kwenda, na ukikosea njia anauonya mapema.

Papi zikishapatikana, nyama laini ya ndani hukwanguliwa, likabaki ganda la nje lenye uimara. Kisha hulowekwa zisivunjike zitakapokunjwa. Kulowekwa huko kuna faida nyingine: ndani ya muanzi mna wanga, na wanga ndio unaowavuta wadudu watoboao; maji huutoa. Mbavu za kushikilia umbo zinahitaji miti iliyonyooka, na zamani watu walikwenda tu mikokoni kukata. Leo mambo yana mpaka. Gazi, kwa mfano, kijiji kinatunza hekta 117 za mikoko katika mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanzishwa 2013 ili kuuza haki za kaboni na kuelekeza mapato kwenye maji na shule za kijiji, na watu wamepanda mivinje ili kupata miti ya kujengea bila kugusa mikoko. Fundi mzuri hanung'uniki kwa hilo. Anajua kwamba samaki wengi anaowatega walikulia kwenye mizizi ya mikoko hiyo hiyo.

Sasa inakuja kusuka. Anayejua mkeka au jamvi anajua ususi wa njia mbili, upapi wa wima na upapi wa ulalo. Lema husukwa kwa njia tatu. Kundi la kwanza la papi huenda upande mmoja; la pili hulikata kwa mshazari; la tatu hulikata tena kwa mshazari wa upande mwingine, kila upapi ukipita juu ya mwenzake na chini ya mwingine kwa zamu. Zinapokutana zote tatu, katikati hubaki jicho lenye pande sita zilizo sawa, na pembeni mwa kila jicho vijipembe vidogo vya pande tatu. Hakuna fundo. Hakuna msumari. Kila upapi umeshikwa na wengine, nao unawashika. Ukiuvuta mmoja, sita wanakataa.

Hapo ndipo ninapovua kofia. Chukua kipande cha wavu wa kawaida wenye macho ya pande nne, ukikaze kwa mikono miwili. Utaona macho yakilala, yakijifunga, hadi dagaa asipite. Ndiyo sababu wavu wenye kipimo halali ufukweni unaweza kuwa na kipimo kingine majini unapovutwa. Jicho la lema halifanyi hivyo. Kwa kuwa limefungwa kutoka pande tatu, haliwezi kulala upande wowote. Sentimita 4 alizoziacha fundi chini ya mti ndizo sentimita 4 atakazozikuta samaki chini ya bahari, leo na kesho, katika mkondo mkali na katika maji yaliyotulia. Msukaji ametoa ahadi kuhusu ukubwa wa samaki atakaowaachia, na ususi wenyewe unaitunza ahadi hiyo asipokuwapo.

Ususi huu wa njia tatu haukuanzia hapa wala haukuishia hapa. Wajapani wanasuka vikapu vyao kwa macho hayo hayo ya pande sita, na mwaka 1951 mwanafizikia Itiro Syôzi aliandika juu ya sumaku katika mpangilio wa namna hiyo. Tangu wakati huo maabara nyingi duniani zimekuwa zikichunguza madini ambayo chembe zake zimejipanga kwa ramani hiyo, kwa sababu zina tabia za ajabu zisizopatikana katika mipangilio mingine. Nalitaja hilo kwa sababu tumezoea kudhani hisabati inaishi darasani. Mzee wa Gazi hana daftari, lakini anapoanza sakafu ya lema kwa papi sita zilizokingamana, na pembe zote zikatoka sawa bila rula wala bikari, anafanya jiometri kwa usahihi ambao mwalimu yeyote angeupa alama zote.

Anapima kwa mwili. Jicho moja hupimwa kwa vidole, urefu wa upande mmoja kwa mikono na shubiri, kimo kwa goti. Kosa la upapi mmoja mwanzoni hupanuka kadiri ususi unavyokwenda, na kufika ukingoni lema zima limepinda. Kwa hiyo utamwona mara kwa mara akisimama, anarudi hatua mbili nyuma, anatazama kwa jicho moja, kisha anakaa na kugonga upapi mmoja kwa mgongo wa kisu hadi uingie mahali pake. Mjukuu wake akimuuliza, "Babu, si umesogea kidogo tu?" anajibiwa kwa upole, "Kidogo ndicho kinachomtoa samaki, mwanangu." Kisha anafumua safu nzima na kuanza upya. Kufumua huko hakumpunguzii heshima. Wanaomzunguka wanatazama kimya, na wanajifunza zaidi katika dakika hizo kuliko katika saa nzima ya kusuka.

Sakafu, kuta na paa zikishaungwa kwa kamba na kukazwa kwenye mbavu, kinabaki kitu kigumu kuliko vyote: mlango. Huu husukwa peke yake. Huwa mpana nje, ukapungua kuelekea ndani, ukajipinda kidogo kuelekea chini, na mwishoni ncha za papi huachwa huru zikitazama ndani. Samaki anapoingia, ncha zile humpisha kwa sababu anazisukuma kuelekea upande zilikolala. Akigeuka kutoka, zinamchoma. Lakini mara nyingi hata hafiki kuchomwa, kwa maana samaki aliyefungwa hutafuta njia kwa kuzunguka ukutani, na mdomo wa ndani wa mlango umewekwa mbali na ukuta, katikati ya nafasi, mahali asipopita. Fundi ameijua tabia ya kiumbe huyo kiasi cha kujenga nyumba nzima juu ya kosa lake. Mlango ukiwa mpana mno, aliyeingia atatoka. Ukiwa mwembamba mno, ataogopa kuingia. Ukikazwa mno, ncha zitakatika baada ya siku chache. Katika kila bandari kuna watu wengi wanaoweza kusuka ukuta. Wanaoaminiwa kusuka mlango ni wachache, na kila mtu anawajua.

Kisha kazi inahamia kwa mvuvi, ambaye mara nyingi ndiye fundi mwenyewe. Malema mawili matatu hupangwa juu ya hori, na chambo ndani yake: mwani kwa ajili ya tafi, ambaye mlo wake ni mimea ya bahari, au wale viumbe weusi wa miba wanaowachoma waogaji miguu, wakiwa wamepondwa ili harufu isambae. Ndani ya mwamba, kati ya majani ya bahari na vichwa vya matumbawe, mvuvi anatafuta uchochoro anaoujua. Lema hushushwa polepole, mlango ukielekezwa kwa kufuata mkondo, na mawe yakilikalisha lisiviringike. Mvuvi mwenye adabu hubeba mawe yake na kuyarudia hayo hayo. Havunji matumbawe yaliyo hai kwa ajili ya kulizamisha wala kulificha, kwa sababu anajua atahitaji uchochoro huo tena mwakani. Wengine huweka chelezo juu. Wengine hawaweki, maana chelezo humwonyesha mwizi pia. Hao hupima mahali kwa alama za bara: mnazi fulani ukiwa sawa na pembe ya jumba fulani, na upande wa pili, mgongo wa vilima vya Shimba ukiwa juu ya ncha ya msitu. Mistari miwili ikikutana, lema liko chini yake.

Kalenda yao ni mwezi. Wakati wa bamvua maji hujaa sana na kukauka sana, mikondo hukaza, na kuna saa za asubuhi ambazo mtu anaweza kulifikia lema kwa kutembea na kuzamia kidogo. Wakati wa maji mafu bahari hucheza juu na chini kidogo tu, na mipango hubadilika. Elimu yao hii si ya kukisia. Jirani na Msambweni kuna mahali ambapo tafi hukusanyika kwa wingi kutaga mayai katika msimu wa kaskazi, siku zinazofuata mwezi mpevu. Wavuvi wa malema walikuwa wakipajua. Watafiti wa CORDIO, shirika la utafiti wa bahari lenye makao Mombasa, walipotaka kuchunguza mikusanyiko hiyo, waliwasikiliza wavuvi kwanza, kisha wakazamia na kuthibitisha yale waliyoambiwa. Sayansi ilifika, ikakuta wenyeji wameshafungua kurasa.

Siku inayofuata lema huvutwa. Hili ndilo tendo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu samaki hutoka hai. Kwenye ndoana ameumia, kwenye jarife amekabwa, lakini ndani ya lema alikuwa akizungukazunguka. Mvuvi hufungua kidirisha, hulitikisa lema juu ya chombo, na hapo ana nafasi ya kuchagua ambayo mitego mingi haimpi mwenyewe. Tafi huingia kapuni, kwa uangalifu, maana miba yake ina sumu inayomfanya mtu mzima alie. Pono na changu wa kiasi huingia. Kinda akikutwa, hurudishwa majini na kwenda zake. Ufuoni waliosaidia kulisukuma hori juu ya mchanga hupata kitoweo chao, mama karanga hupewa bei, mzee asiye na mtu wa kumvulia hapiti mikono mitupu. Sehemu kubwa ya chakula cha jioni cha Msambweni hugawanywa hivi, kwa macho na kwa kauli, kabla mizani haijaguswa.

Kuna jambo moja ambalo ususi wa asili haukulimaliza. Samaki bapa, kama kipepeo, ni mpana kuliko jicho la lema lakini ni mwembamba kama kiganja. Hana thamani sokoni, anakula kwenye matumbawe, na lema humkamata bure. Kwenye kisiwa cha Curaçao, katika bahari ya Karibi, mtafiti Ayana Elizabeth Johnson alijaribu kuacha ufa mwembamba uliosimama wima kwenye pembe za mitego, na mwaka 2010 akachapisha kwamba samaki bapa na makinda walipita ufa huo huku wavuvi wakibaki na samaki wao wa maana. Hapa pwani ya Kenya, Emmanuel Mbaru na Tim McClanahan walifanya jaribio hilo kwa malema yetu na wavuvi wetu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013 yalifurahisha: samaki wasiohitajika walipungua, wastani wa ukubwa wa waliobaki ukapanda, na mapato ya mvuvi yakaongezeka badala ya kushuka, maana soko hulipa zaidi kwa samaki mkubwa.

Ninalipenda jaribio hilo kwa sababu halikuleta chombo kigeni. Halikumwambia mvuvi aache lema, wala anunue mashine. Lilimwomba msukaji aongeze ufa mmoja, wa upana wa kama vidole viwili, na msukaji ndiye mtu pekee anayeweza kuukata bila kulegeza ukuta mzima. Ufa ukikatwa ovyo, papi zinaanza kuteleza na macho ya jirani yanaharibika. Lazima pembe ziimarishwe, kingo zifungwe, mbavu zisogezwe. Wazo la watafiti lilihitaji mikono ya fundi ili lisimame majini. Hivyo ndivyo elimu mbili zinavyopaswa kukutana: kila moja ikibeba kile ambacho nyingine haina.

Tulinganishe na njia nyingine. Juya la kukokota hufagia kila kitu, likang'oa majani ya bahari na kuzoa makinda wasio na umri. Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001 pamoja na bunduki za kuvulia, na bado vikundi vya ufuo, vile tunavyoviita BMU, ambavyo vilipewa nguvu ya kisheria kwa kanuni za mwaka 2007, vinahangaika kulizuia. Katika Ghuba, ambako watu wetu wengi wana jamaa, mtego wa gargur ulikuwa ukisukwa kwa makuti ya mitende. Sasa umekuwa wa waya. Waya hudumu, na huo ndio ubaya wake: mtego uliopotea huendelea kukamata samaki ambao hakuna atakayewala. Lema la mianzi likipotea, bahari hulila. Papi huoza, macho hufunguka, na baada ya miezi michache waliomo wako huru na hakuna takataka iliyobaki. Wapo wanaouita uchache huu wa maisha udhaifu. Mimi nauona kuwa sehemu ya ufundi: chombo kimejengwa ili kosa la mwenyewe lisidumu kuliko yeye.

Lakini uchache huo wa maisha unamgharimu msukaji. Kila miezi michache ni lazima asuke tena, kuchana tena, kuloweka tena. Kijana anayehesabu saa na shilingi anaona wavu wa nailoni dukani Ukunda, wa bei nafuu, uliokwisha kufumwa kiwandani, na anauliza kwa haki kabisa kwa nini ajifunze kazi ya siku nyingi. Mzee hana jibu la shilingi. Ana jibu la mwamba: kwamba palipovuliwa kwa nyavu za macho madogo pamebaki maji tu, na mwenye lema bado anakula mahali baba yake alipokula. Jibu hilo ni la kweli, ila halilipi karo ya shule, na mapenzi kwa mila hayatoshi kumweka kijana chini ya mti.

Ndiyo maana nasema kusuka lema kuhesabiwe kuwa taaluma, na kulipwe kama taaluma. Kaunti ya Kwale ina vyuo vya ufundi vinavyofundisha useremala, umeme na ushonaji. Hakuna sababu msukaji wa malema asiketi humo kama mwalimu, na vijana wakapewa cheti kwa kuchana upapi ulionyooka na kusuka mlango unaofanya kazi. Vikundi vya ufuo vinapopata ruzuku, mara nyingi fedha hufikiriwa kwa injini na majokofu. Zitengwe pia za kununua malema yenye ufa kutoka kwa mafundi wa hapa hapa, kwa bei inayostahili siku walizotumia, na kuwapa wavuvi watakaoacha juya. Hoteli za Diani zinazojivunia samaki wa asubuhi ziwaulize wauzaji wao samaki huyo alivuliwa kwa chombo gani, na zimlipe zaidi aliyetoka katika lema.

Watu wengi hudhani ufundi wa mtego ni ufundi wa kukamata. Baada ya kuwatazama hawa wazee nimefikia rai nyingine. Kukamata ni rahisi. Gunia lenye chambo linakamata. Ufundi uko katika kuamua nani asikamatwe, kisha kuuweka uamuzi huo ndani ya mianzi kwa usahihi ambao mkondo hauwezi kuubadilisha. Kila jicho la pande sita ni samaki mdogo aliyeruhusiwa akue, na samaki huyo ndiye riziki ya msimu ujao, kwa mtu ambaye msukaji pengine hatamjua. Pwani yenye watu wanaoweza kusuka hivyo ina hazina kubwa kuliko jokofu lolote, nasi tukiiacha ipotee, itatugharimu miaka mingi kuisuka upya.